Msusi Aliyeitazama Mirihi kwenye Kioo

Ukitaka kusukwa Jumamosi alasiri katika saluni ile, ulikubali masharti mawili: usitikise kichwa, na usiombe stesheni nyingine. Kipindi cha Huko Juu, cha nyota na sayari, kikianza, mwenye saluni alizima mashine ya kukaushia nywele na kupandisha sauti ya televisheni. Wapenda tamthilia walinuna, na wengine walihamia saluni ya jirani. Waende zao. Mwanamke huyu alikuwa akisuka tangu usichana wake, shingo imepinda, macho kwenye vichwa vya watu, na sasa, katika umri ambao wenzake wanalalamikia magoti, ndiyo kwanza aligundua kuwa juu kuna mambo. Akayapenda kwa pupa.

Mtaani walimbandika jina la Mama Sayari, naye akalipokea. Ungekaa kitini pake akakueleza, huku anakaza utosi wako, kwamba mwanga wa nyota fulani uliondoka huko kabla bibi yako hajazaliwa. Ukijibu "aisee" kinyongenyonge, alizidi kukaza.

Aliyemsumbua zaidi ni wifi yake, dada wa mumewe, muoshaji nywele kwenye sinki la pembeni. Wifi alikuwa mtu wa tamthilia, na ulimi wake haukuwa na likizo.

"Wifi, hao wa Zohali wana nywele? Tukafungue tawi."

"Osha kichwa cha watu wewe."

Utani wa wifi haukumuuma. Kilichomuuma ni maneno ya mumewe, ambaye jioni moja alitazama pete za sayari ya Zohali kwenye skrini, akapiga mwayo, akasema hayo yote yametengenezwa kwa kompyuta, na kwamba mtu mzima anayeyaamini ametekwa akili. Alisema hivyo tu akaenda kulala. Msusi alibaki sebuleni peke yake. Je, kama ni kweli? Picha ni picha, yeyote anaweza kuzichora. Angejuaje kwamba kitu anachokipenda kiasi hiki kipo?

Ndipo watengenezaji wa kipindi wakatangaza kuwa sehemu ya mwisho itarushwa moja kwa moja, na watazamaji watapiga simu kujibu swali. Atakayelijibu atapelekwa chuo kikuu, yeye na mwenzake mmoja, waitazame Zohali kwa darubini. Siyo picha, yenyewe. Wiki nzima msusi alitia mboga chumvi mara mbili, na mumewe akala bila kuthubutu kuuliza.

Siku ilipofika, kitini alikuwepo mwalimu wa chekechea, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Msusi alibana simu kati ya sikio na bega, vidole vikiendelea na kazi. Simu ikaita, ikakatika, ikaita tena. Mara sauti ya mtangazaji ikamwingia sikioni kabisa.

"Karibu mama. Tazama skrini yako. Machweo mawili ya jua. Moja limepigwa picha hapa duniani, jingine kwenye Mirihi. La Mirihi ni lipi, la kulia au la kushoto?"

Jua moja lilikuwa la rangi ya chungwa, jingine la bluu iliyopauka. Msusi nusura acheke. Walitaka kumtega, maana Mirihi kila mtu anaijua kwa wekundu wake. Lakini yeye aliitazama sehemu ya kipindi iliyohusu Mirihi mpaka mwisho, na alijua kwamba kule jua likizama huzama na ubluu. Akainua macho, akaliona lile la bluu waziwazi.

"Kulia," alisema, na mwalimu wa chekechea akaitikia kwa kichwa, akasahau masharti.

"Pole sana mama. Hapana."

"Hapana vipi? La bluu ndilo."

Simu ilikuwa imeshakatwa. Msusi akageuka na kitana chake mkononi, akaikabili televisheni uso kwa uso. Jua la bluu lilikuwa kushoto.

"Kioo," mwalimu alinong'ona.

Televisheni ilitundikwa ukuta wa nyuma, na msusi kazini hutazama mbele, kwenye kioo. Tangu kipindi kianze, ulimwengu wote aliuona humo, umegeuzwa, na haikumdhuru kitu, kwa sababu hadi siku hiyo hakuna aliyemuuliza kulia ni wapi. Akaketi kwenye benchi la wateja. Aliona uchungu ambao hakuwahi kuuona kwa jambo la televisheni, na wala hakuuficha.

"Tuna mpigaji mwingine," mtangazaji akasema.

"Kushoto."

Sauti hiyo ilisikika mara mbili, kwanza nyuma ya pazia la stoo, kisha kwenye televisheni. Sinkini, mteja mmoja alikuwa ameachwa na povu lake.

"Ni sahihi, lakini baada ya kulia kukosewa, hata mtoto angesema kushoto. Tuambie kwa nini."

Saluni nzima ikalikodolea macho pazia.

"Vumbi," alisema wifi. "Hewa ya Mirihi ina vumbi laini mno. Mwanga wa bluu unapita karibu na jua, mwekundu unatawanyika pembeni. Halafu lile jua ni dogo. Ni lazima liwe dogo, kule ni mbali zaidi."

Mtangazaji akampongeza. Kisha akamuuliza ni nani atakayemsindikiza.

"Msindikizaji ni mimi. Mshindi andikeni wifi yangu."

Alipotoka nyuma ya pazia, alikwepa macho ya watu.

"Msinitazame hivyo. Sinki linaelekea televisheni, ningefumba macho?"

Msusi alimkumbatia na kitana chake, huku analia na kucheka, na mwenye povu akauliza kama na yeye atakumbukwa leo.

Jumamosi iliyofuata saluni ilifungwa mchana kweupe, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona. Giza lilipoingia, mawifi wawili walikuwa juu ya paa la chuo, wamesimama kwenye foleni, wameshikana mikono kama wasichana. Zamu ya msusi ikafika. Akainama kwenye darubini.

"Ikoje?" wifi akauliza.

"Nyamaza kwanza."

Ilikuwa ndogo, ya njano hafifu, na pete yake imeizunguka, inatetemeka kidogo gizani. Haikufanana na zile za skrini zilizong'arishwa. Hakuna ambaye angejisumbua kutengeneza kitu kidogo namna ile. Machozi yakamziba jicho, akayafuta, akatazama tena mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa.

Akasogea. Akamshika wifi yake kichwa kwa mikono miwili, akakiweka sawasawa penye lenzi, akamwambia asitikisike.

Wifi, ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, alikaa kimya muda mrefu. Hatimaye alisema, bila kuondoa jicho:

"Mpigie kaka yangu. Mwambie ipo."