Korongo Ambalo Sikuingia

Tangu Baba Wangari apatwe na kiharusi, mume wangu huyo alikuwa havuki geti ila kwenda hospitali. Mguu wa kushoto anauburuta, na hapa kwetu Mutuini ukiburuta mguu kila mtu ana neno. Mwenye duka, wapangaji wangu, hata wa bodaboda anazima pikipiki: pole mzee, pole sana. Wanampenda, sikatai. Lakini siku moja alifika getini, akageuka, akaniambia nimtafutie mahali pa kutembea ambapo hakuna mtu wa kumwambia pole. Daktari alikuwa ameonya kwamba mguu usipotumika sasa, hautarudi tena. Na miezi ilikuwa inaisha mzee akiwa kwenye kochi.

Kwa wiki mbili nilipanga. Alipokuwa akiendesha lori barabara ya Magadi alizoea kulitaja korongo moja kule jangwani, mto mkavu wenye kuta za mawe pande zote mbili. Nikatafuta hadi nikapata nambari ya Naserian, mama wa Kimaasai anayekaa karibu na hapo na kuwaongoza wageni. Nilimsumbua kwa maswali mpaka akacheka. Kuna kupanda? Hakuna. Mchanga unazamisha miguu? Katikati ndiyo, lakini pembeni kuna njia ya mbuzi, ardhi yake ni ngumu, haizami. Kwa mtu wa polepole ni saa mbili kwenda na kurudi, ila muanze mapema, kwa sababu jua likiingia huko ndani hakukaliki. Niliandika yote: maji, kofia, glukosi, fimbo, viatu alivyovizoea.

Jumapili ndiyo mdomo wangu uliponiponza. Nilisimama kanisani nikaomba tuombewe safari njema. Mtu wa kwetu akiomba maombi ya safari, ameomba kusindikizwa. Hilo nalijua tangu nikiwa mtoto, lakini wapi, nilishasema.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, nilifungua geti nikakuta akina mama kumi na mmoja wa kikundi chetu cha kanisa, na sufuria, chupa za chai, viti vya plastiki na gari walilokodi. Mwenyekiti wetu, Mama Kevo, alinikumbatia. "Hatuwezi wacha mgonjwa aende peke yake," akasema. Baba Wangari alikuwa mlangoni, na alisikia. Tukaomba, tukaimba, tukanywa chai, tukaomba tena. Tuliondoka saa mbili.

Baada ya Kiserian barabara inashuka, nyasi zinaisha, inabaki miiba na vumbi jekundu. Zamani angenionyesha kila kona na lori lililoangukia hapo. Siku hiyo alikaa mbele na dereva, uso ameugeuzia dirishani. Moyo uliniuma, maana nilijua ni mimi niliyeyaleta haya.

Saa nne kasoro tulifika. Naserian alitazama jua, akatutazama tukiteremka na viti vyetu, akasema kivuli bado kipo lakini si cha muda mrefu. Akina mama walikuwa wameshajipanga: wawili wa kumshika mikono, mmoja wa mwavuli, mwingine wa kubeba kiti. Baba Wangari hakushuka.

"Nirudishe nyumbani," akaniambia polepole.

Nikamwendea Mama Kevo. Mwanamke huyu alikuwa ameamka saa tisa usiku kupika chapati kwa ajili yetu. Nilimwambia kwamba wakimshika hatatembea, na nikamwomba wabaki hapo kwenye gari. Uso ulimshuka. Akakikalia kile kiti walichomletea mzee, akafunga mikono. Niliona aibu, lakini sikurudisha maneno. Ndipo Baba Wangari akashuka na fimbo yake, nami nikachukua mfuko wa maji nimfuate.

"Na wewe pia, Mama Wangari."

"Mimi nimefanya nini?"

"Wewe ndiye unaniambia pole kuliko wote."

Nikampa Naserian mfuko.

Walipoingia, nilizitazama alama zao mchangani: za Naserian mbili mbili, za mzee unyayo mmoja na mfereji mrefu. Wakapinda kona, kuta zikawameza. Nilitaka kulia, nikalia kidogo. Mama Kevo alileta kiti karibu, akanimiminia chai, na hakuniambia pole.

Saa sita ilikaribia walipotokea. Naserian alitangulia akiimba wimbo wa wachunga mbuzi, hata hakugeuka kumtazama. Nyuma, mbali, mzee wangu, magoti na bega vimejaa mchanga. Pole ilinifika mdomoni, nikaimeza.

"Huko ndani kukoje?" nikauliza.

Alikunywa maji kwanza. Kisha akaeleza, na alieleza! Kwamba kuna baridi kama ya asubuhi. Kwamba mahali fulani kuta zinakaribiana hadi mtu anazigusa zote mbili, na yeye alizigusa, na mkono wa kushoto, uliolegea pia, ulifika. Akina mama walimzunguka na chapati, Mama Kevo akimuuliza maswali kama mtoto. Pembeni nilimuuliza Naserian kama mzee alianguka.

"Mara mbili."

"Ukamwinua?"

"Hapana. Nilisimama nikaangalia mbuzi."

Saa tisa tulikuwa tumerudi Mutuini, siku ya Jumamosi, watu wote wako nje. Penye maduka Baba Wangari alimwambia dereva asimame. Akashuka, akashika fimbo, akaanza kutembea mbele ya macho ya wote. Akina mama wote wakanigeukia mimi. Mimi niliyedhani matembezi rahisi ni kumwondolea mawe njiani, nilikuwa nimejifunza huko kwamba jiwe kubwa lilikuwa mimi.

Nikamwambia dereva aende. Tulimpita. Sikutoa kichwa dirishani, sikuuliza kama anaweza. Nilifika nyumbani, nikabandika viazi, nikakaa jikoni nikimngoja kama zamani, alipokuwa akitoka kazini.