Otamu ya Mwalimu Jepkoech

Mwalimu Jepkoech alijaliwa kila kitu isipokuwa kuchora. Alijua kufundisha hesabu kwa punje za mahindi, alijua kunyamazisha darasa zima kwa kukohoa tu, na mzazi aliyefika shuleni akinuka pombe alirudishwa njia aliyojia kabla hajamaliza salamu. Lakini ng'ombe aliyemchora ubaoni mwaka wa hamsini na sita alikuwa msiba. Nusu ya darasa walisema ni meza, nusu wakasema ni kitanda, wakabishana mpaka kengele ikalia. Tangu siku hiyo Mwalimu hakugusa chaki ila kwa herufi na nambari.

Shule yenyewe ilikuwa banda la mabati katika shamba moja la mzungu kule Dundori, katikati ya pareto na ng'ombe wa maziwa. Jepkoech hakuwa na cheti cha ualimu. Alisoma hadi darasa la sita kwa wamisheni, akaolewa, akafiwa na mume, akapewa darasa kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kupewa. Sasa mtu mwingine alikuwa amepatikana.

Habari hizo zililetwa na Bwana Wamalwa, msimamizi wa shule, kwa pikipiki yake yenye kelele kuliko mashine ya kusaga. Alikagua vibao vya watoto, akavua miwani.

"Mama, hesabu ni nzuri. Kusoma ni kuzuri. Lakini watoto wako hawachori, na hakuna anayeweza kuandika jambo lake mwenyewe kwa mpangilio, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kuna kijana ametoka chuo cha ualimu, anaitwa Odero. Mwisho wa Oktoba nitakuja naye, tuone."

"Tuone nini?"

"Tuone kama darasa hili ni lako au ni lake."

"Na likiwa lake, mimi niende wapi?"

Bwana Wamalwa alirudisha miwani usoni. Aliangalia tu shamba la pareto, jeupe mpaka kilimani, wanawake wameinama ndani yake na vikapu vyao. Jepkoech naye akaangalia. Alikuwa ameinama mle miaka ya nyuma na mgongo wake haukuwa umesahau.

Msaada ulitoka mahali ambapo hakuutegemea. Mke wa mwenye shamba, ambaye watu walimwita Memsaab Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kuona nywele zake, alifika shuleni asubuhi moja akiwa na bahasha kubwa. Mama huyo alikuwa ameishi Kenya tangu ujana wake, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinatambaa.

"Jepikech! Dada yangu naleta hii kutoka Ingereza. Ya kufundisha toto kuchora. Otam! Majani naanguka. Muzuri sana! Moja, mbili, tatu, kwisha!"

Zilikuwa kadi. Kila kadi ilikuwa na picha ya kitu cha otamu, majira ambayo kwao Memsaab miti hubadilika rangi na kumwaga majani: jani, boga, kindi, kalunguyeye. Chini ya kila picha kulikuwa na hatua. Hatua ya kwanza mstari. Hatua ya pili mviringo. Hatua ya tatu mishipa. Mwisho kabisa kulikuwa na kazi ya kuandika.

Jepkoech alifunga mlango, akachora jani kwenye mchanga kwa kijiti, akifuata hatua. Akarudi nyuma akalitazama. Lilikuwa jani. Hata mbuzi angelijua.

Kuanzia hapo darasa likawa kama gwaride. "Hatua ya kwanza!" Mwalimu anaita, chaki mkononi. "Mstari!" wanajibu. "Hatua ya pili!" "Tumbo la jani!" Aliyetangulia alifuta akaanza upya. Aliyeruka aligongwa vidole kwa rula. "Hakuna kuruka hatua," Jepkoech alisema mpaka watoto wakawa wanaisema usingizini. "Hata kama hatua ni mbaya, unaipitia. Ukiruka moja tu, kazi yote ni uongo."

Ubao wake ulikuwa wa mbao za sanduku zilizopakwa masizi, na karibu na katikati ulikuwa na tundu, mahali msumari ulipong'oka. Kwa vile jani lilichorwa hapo hapo kila siku, kila mtoto alichora jani lenye tundu, tena kwa uangalifu mkubwa. Jepkoech aliliona jambo hilo akaliacha. Alikuwa na mambo makubwa zaidi ya kuhangaikia.

Kindi hakupendwa. Watoto walimjua vizuri, ndiye aliyefukua mbegu za mahindi za mama zao, na wote walimchora akiwa amekufa. Boga lilipendwa mpaka likawatia njaa. Lakini swali lilitoka kwenye jani. Aliyeuliza alikuwa Chepchirchir, binti ya Kipkemei wa josho la kuogeshea ng'ombe. Mtoto huyo alikuwa na maswali kama mbwa mwenye viroboto.

"Mwalimu, kwa nini majani haya ni ya njano na mekundu?"

"Kwa sababu ni otamu."

"Otamu ni ugonjwa?"

"Chora."

"Lakini Mwalimu, mahindi yetu yakiwa ya njano kabla ya wakati, baba anasema yanaugua. Huu mti una ugonjwa gani?"

Jepkoech alikuwa na kindi thelathini waliokufa wa kusahihisha. "Una ugonjwa wa Ulaya," akasema. "Sasa funga mdomo uchore."

Chepchirchir akafunga mdomo. Ila kichwa hakikufungwa. Karibu na nyumba ya Memsaab kulikuwa na mwaloni, mti uliotoka Ulaya ukiwa mche ndani ya mkebe. Kila mtu shambani aliujua. Memsaab aliupenda kuliko farasi wake, na aliulalamikia kwa sababu huku kwetu ulikuwa umechanganyikiwa: haukujua lini ni lini, ukadondosha jani moja leo, mawili wiki ijayo, kama mzee anayenyonyoka nywele. Na mtoto yeyote wa shamba alijua pia sheria ya baba yake Chepchirchir. Ng'ombe mgeni akiletwa kutoka nje hachanganywi na wengine kabla hajapitishwa joshoni, aogeshwe kwa dawa, kupe na magonjwa ya kwao yaishie huko.

Mwaloni ule haukuwahi kuogeshwa.

Jumatatu ya wiki ya mwisho ya Oktoba, Jepkoech aliingia darasani akanusa. "Mbona leo mnanuka josho?"

"Tulikuwa tunasaidia, Mwalimu," akasema Chepchirchir.

"Kumsaidia nani? Ile ni sumu! Wote nje, mkaoshe mikono mpaka viwiko, kwa sabuni, na atakayelamba kidole nitamlambisha mimi kitu kingine!" Akamtumia Kipkemei maneno makali ya kuzuia watoto kwenye dawa, na Kipkemei, ambaye hakuelewa analaumiwa kwa nini, akaomba radhi tu. Mambo yakaishia hapo, au ndivyo Jepkoech alivyodhani.

Ijumaa, kabla pikipiki haijasikika, Memsaab Kofia alikuja mbio, ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Jepikech! Kuja! Mti yangu nakumbuka Ingereza! Miaka yote hapana, leo nakumbuka! Leta toto yote, nachora chini ya mti!"

Kweli. Mwaloni mzima ulikuwa umegeuka rangi, na majani yalikuwa yanashuka kwa vishindo vidogo vidogo, chini kumetandikwa. Ulikuwa kama kadi yenyewe. Jepkoech alishukuru Mungu kimoyomoyo, akaamuru ubao ubebwe. Bahati ya namna hiyo huiulizi ilikotoka.

Bwana Wamalwa alifika na Odero nyuma ya pikipiki, kijana mwembamba mwenye viatu vilivyong'aa hadi vikaonyesha mawingu. Watoto walikaa chini ya mti. "Hatua ya kwanza!" "Mstari!" Karatasi zilipokusanywa, Wamalwa alizipitia, nyusi zikapanda. Yalikuwa majani. Yote.

"Ila yana tundu," akasema. "Odero, unaonaje hili tundu?"

Odero aliinamia karatasi kwa heshima. "Nadhani, bwana, hapa mwalimu ameonyesha kazi ya wadudu katika mazingira ya mmea."

"Hapana, bwana," akasema Chepchirchir. "Ni msumari wa Mwalimu."

Jepkoech alikohoa. Kukawa kimya.

"Basi waandike sasa," akasema Odero, akitaka kuondoka kwenye lile tundu. "Waandike hatua za kuchora jani."

"Hizo wamekariri," Wamalwa akakataa. "Kila mmoja aandike kitu alichokifanya kwa mikono yake mwenyewe, wiki hii, kwa hatua."

Penseli zilikwaruza. Mmoja aliandika jinsi ya kukamua ng'ombe mkorofi, mwingine jinsi ya kumwibia ndugu yake kiazi. Karatasi ya Chepchirchir ilijaa pande zote mbili. Wamalwa aliipima kwa jicho, akampa Jepkoech. "Tusomee hii, Mama. Memsaab naye asikie."

Jepkoech akasimama wima, akasoma kwa sauti ya kanisani.

"Jinsi ya kuuponya mti wa Memsaab. Kwanza, tuliona majani yake yana rangi ya njano. Pili, tulikumbuka kwamba mti huu ni mgeni kutoka Ulaya na haujawahi kupita joshoni."

Macho yake yalitangulia mstari mmoja. Mdomo ukabaki wazi.

"Endelea, Mama," akasema Wamalwa.

Ilikuwa rahisi sana. Angeruka mpaka sita. *Sita, majani yote yalianguka*, mstari ulikuwa pale chini, mzuri, safi, na Memsaab angelia kwa furaha na darasa lingebaki lake. Akainua macho. Watoto wote walikuwa wanasogeza midomo pamoja naye. Walikijua kisa, walikuwamo, na walikuwa wanamngojea kwenye tatu. Hakuna hata mmoja aliyeogopa. Wao walikuwa wameifanya kazi nzuri, kwa mpangilio.

Jepkoech akarudisha macho kwenye karatasi.

"Tatu," akasoma, "tulichota dawa ya josho kwa debe la baba bila baba kujua. Nne, tuliimwaga kwenye mizizi yote na kwenye shina mpaka tulipoweza kufika. Tano, dawa iliyobaki tuliirushia majani kwa ufagio. Sita, majani yote yalianguka, na ugonjwa wa Ulaya unatoka nayo. Mwalimu ndiye alituambia ni ugonjwa wa Ulaya. Mwisho."

"Nasema nini?" Memsaab aliuliza. "Josho nini?"

Wamalwa alimweleza kwa Kiingereza, polepole. Uso wa Memsaab ulifuata kadi sawasawa: ukawa njano, ukawa rangi ya chungwa, ukawa mwekundu.

"Nani?" akafoka. "Toto gani?"

"Ni mimi, Memsaab," akasema Jepkoech. "Mtoto aliniuliza swali la haki, nami nikamjibu kwa mdomo huu kabla kichwa hakijafika. Kama kuna wa kurudi kwenye pareto, anajulikana."

Bwana Wamalwa alikuwa ameishika ile karatasi karibu sana na uso, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alipoishusha alikuwa amefuta macho.

"Odero, huko chuoni walikufundisha namna ya kumfanya mtoto aandike hivi?"

"La, bwana."

"Hata mimi. Basi Jumatatu utaanza kwenye shule ya Subukia. Darasa hili lina mwenyewe."

"Na mti yangu?" Memsaab alipiga mguu chini. "Jepikech! Wewe na toto yote nabeba maji kwa mti hii kila siku! Kila siku! Mpaka napona!"

Wakabeba. Kila asubuhi kabla ya hesabu, mstari wa madebe na mikebe ulitoka mtoni, Mwalimu mbele na ndoo kichwani, akihesabu hatua. Kipkemei alitoa mikokoteni ya udongo mpya bila kuambiwa mara mbili. Krismasi ilipita, mti umesimama kama fito. Kisha mwezi Machi, mvua ilipoanza, mwaloni ulichipua kila tawi, majani laini, mengi kuliko yaliyokuwa yamewahi kuonekana pale. Memsaab aliwaletea keki nzima.

Watoto walipokuwa bado wanalamba vidole, Chepchirchir alinyoosha mkono.

"Mwalimu, umeona? Dawa imefanya kazi."

Jepkoech alifungua mdomo, safari hii akaufunga kwanza, akafikiri.

"Na yale maua ya waridi ya Memsaab," mtoto akaendelea, "nayo si yametoka Ulaya?"

Mwalimu hakungoja kengele. Aliacha darasa vile lilivyo, akashuka joshoni akiwa na chaki mkononi, akamkuta Kipkemei ameegemea uzio.

"Kipkemei," akasema, "leo hii, kabla jua halijazama, nenda ukalete kufuli."