Siku Niliyomshibisha Natsuki

Kuna uwanja mmoja hapa Toronto ambao mimi sipiti karibu yake, na basi likinipitisha hapo kwa lazima najifanya natafuta kitu kwenye mkoba mpaka tuuache, na leo nitawaambia kwa nini, ila mkicheka chekeni taratibu maana kidonda bado kibichi.

Tulikuwa na chumba hakina mtu, kule kwetu Rexdale, na dada mmoja wa kanisani akatuunganisha na timu ya wanawake iliyokuwa inatafuta pa kumweka mchezaji aliyekuja kwa majaribio. Ndipo akaja Natsuki, binti wa miaka kumi na tisa kutoka Japani, mwembamba, mpole, viatu anavivua mlangoni na kuvipanga vizuri vikitazama nje. Alikuwa anacheza kiungo (mimi kiungo nilichokijua ni cha kwenye pilau, mume wangu, Baba Neema, ndiye aliyenielewesha). Siku moja jikoni, kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza sote wawili, akanieleza kwamba kwao alikuwa anakaa benchi katika timu ndogo huku akiuza mikate asubuhi, na kwamba baba yake amempa nafasi hii moja tu, ikishindikana arudi akaajiriwe ofisini kwa mjomba wake na mpira asahau. Kocha alikuwa amemwambia ataanza mechi ya kirafiki Jumamosi. Akicheza vizuri mkataba, akiboronga ndege.

Mtu mwenye akili angemwombea akaishia hapo. Mimi nikaamua kumpikia.

Kwani nilikuwa nimemwona asubuhi za mazoezi, anakula ndizi moja na kipande cha mkate, halafu anakwenda kukimbia kutwa. Ndizi moja! Nikaona huyu mtoto kwao watasema nimemtesa. Basi Jumamosi nikaamka mapema nikabandika pilau ya nyama ya mbuzi, maharage ya nazi, kachumbari, na chapati za kusindikiza. Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo balaa lilipoanzia. Kwetu Tanga mgeni akishiba anabakiza kidogo kwenye sahani, wewe mwenyeji unaelewa, unaacha kumpakulia, lakini sahani ikiwa tupu aibu ni yako, hukumshibisha. Natsuki alimaliza sahani mpaka punje ya mwisho. Nikamwongeza. Akainamisha kichwa, akasema "asante, mama" (nilimfundisha mwenyewe), akamaliza tena. Nikamwongeza. Kumbe kwao wao ukibakiza punje umemtukana mpishi, hayo niliyajua baadaye sana, kwa hiyo mimi naongeza kwa heshima, naye anamaliza kwa heshima, tukawa tunauana kwa heshima pale mezani.

Baba Neema akainua macho kwenye simu yake. "Mama Neema, huyu anakwenda kucheza, haendi kuchinjwa."

"Wewe soma habari zako," nikamwambia. "Mtoto ana njaa, huoni?" Nikampakulia tena.

Uwanjani nilikwenda na wenzangu wa kwaya, tumevaa vitenge sare, na kila aliyekaa karibu nilimwambia, yule namba nane ni mwanangu, mimi ndiye ninayemlisha. Filimbi ikapulizwa. Mpira ukaja kwa Natsuki, ukampita. Ukaja tena, akageuka kama kabati linalohamishwa, ukampita. Kocha, mama mmoja mrefu asiyecheka, alikuwa anapiga kelele mpaka sauti inakauka, na mimi napiga zangu, "Kimbia, mwanangu!" Na Mungu alivyo, akanisikia. Akakimbia, akaufikia mpira katikati ya uwanja, akasimama, akainama, na pilau yote ikarudi duniani, na maharage yake, mbele ya viatu vya refa.

Sikufikiri. Niliruka kile kizuizi kifupi kwenda kumsaidia, kitenge kikanasa, mimi nikaendelea, kitenge kikabaki. Ndani nilikuwa nimevaa suruali ya baridi ya Baba Neema, ile ya kijivu iliyolegea magotini (ilikuwa baridi, msinihukumu), na hivyo ndivyo nilivyofika katikati ya uwanja mbele ya watu wote.

Kocha akaja mbio. "Amekula nini huyu?" Halafu akanitazama toka juu hadi chini. "Na wewe ni nani?"

Nikasema, "Mimi? Mpita njia. Simjui."

Nimevaa suruali ya mume wangu, katikati ya uwanja, napita njia. Na kutoka jukwaani Mama Jose wa kwaya, Mungu amsamehe, akapaza sauti, "Mama Neema, mfute mwanao mdomo!"

Natsuki akajifuta mwenyewe. Akamwinamia kocha, akamwambia kosa ni lake, chakula kilikuwa kitamu akala kupita kiasi. Halafu akanigeukia mimi, mpita njia, akainama. "Asante, mama." Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Yeye ndiye aliyekuwa na kila kitu cha kupoteza, na bado alinibebea mzigo wangu.

Walimtoa. Njiani kurudi alilia kimya kimya dirishani, na mimi nikashindwa hata kumshika bega. Siku iliyofuata ya mazoezi nikamfuata kocha nikamwambia ukweli wote, sahani kwa sahani, na yule mama asiyecheka akacheka mpaka akakalia mfuko wa mipira. Akampa Natsuki mechi nyingine. Binti akala ndizi yake moja, akaugawa mpira siku hiyo kama anagawa karata, mpaka Baba Neema akasimama akapiga mbinja. Mkataba akapewa, na sharti likawa moja tu, kocha alilisema akiniangalia mimi usoni: ahame nyumbani kwangu.

Siku anaondoka nilimfungia chapati kumi. Akazipokea kwa mikono miwili, akainama, akaingia kwenye gari la timu. Baba Neema akaninong'oneza, "Unajua atazimaliza zote humo humo garini."

Kwetu kumnyang'anya mgeni chakula ni laana, lakini nilikuwa nimeapa sitamlazimisha mtu kula tena. Nikagonga kioo, nikazichukua, nikamwachia moja.