Chanjo Niliyoikataza

Nafundisha sayansi sekondari huku Zinga. Haya ninayoyaandika sijawahi kuyasema mbele ya walimu wenzangu.

Mdogo wangu wa kike, mkulima wa Makurunge, alinipigia simu kuniuliza kama ampeleke bintiye wa miezi tisa kwenye chanjo ya surua. Wiki ile nilikuwa nimesikiliza sauti iliyotumwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Mwanamume aliyejiita daktari alieleza kwa upole kwamba chanjo zinawaondolea watoto wa kike uzazi, na kwamba wakubwa wanajua ila wananyamaza. Simjui hata jina. Lakini maneno yake yaliniingia, nami nilizoea kuamini kwamba jambo likiniingia hivyo, ni la kweli. Tena nilijiona mjanja. Wenzangu wanameza kila wanachoambiwa, mimi nashtuka.

"Usimpeleke," nikamwambia.

Muuguzi wa zahanati ya kwao, aliyekuwa mwanafunzi wangu, akanifuata mpaka nyumbani kwangu, Bagamoyo mjini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Hakutaka kukaa. "Mdogo wako anasema umemkataza wewe. Umejuaje kwamba chanjo ina madhara?"

"Kuna mambo hayaandikwi vitabuni," nikamjibu. "Na nyinyi mmefundishwa na haohao wanaoficha."

Akaaga, akaondoka. Habari za kinga ya mwili nilimfundisha mimi, kwa chaki yangu.

Mtoto aliugua surua kabla ya kutimiza miaka miwili. Homa ilimkalia, masikio yakatoa usaha kwa wiki kadhaa. Alipona, lakini sikio la kushoto halisikii kabisa, na la kulia linasikia kwa shida.

Nilikwenda Makurunge, nikamkuta mdogo wangu anapepeta mchele. Nikamwambia ukweli: sikuwa na ushahidi wowote, ila sauti ya mtu nisiyemjua. Aliendelea kupepeta.

"Mimi sikujua kitu, dada," akasema. "Nilikusikiliza kwa sababu wewe ndiye uliyesoma."

Angenitukana, pengine ningepumua.

Yule muuguzi nilimwomba radhi pia. Alinipokea kwa heshima ileile ya siku zote, nikashindwa kumtazama.

Mtoto sasa ana miaka mitano. Nikimwita kwa nyuma hageuki. Huwa nazunguka nikasimama mbele yake, akiniona anacheka, anasema, "Mama mkubwa," na kunikumbatia miguu.