Mdomo wa Muvuba

Juzi mjukuu wangu alibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, maji yakaruka hadi ukutani, nami nikasikia harufu ya makaa ya Rumonge, kwa Warundi, nilipokuwa mtoto enzi za Wadachi, yaani Wajerumani.

Mvua zilikuwa zimeanza na jembe la mama lilikuwa limevunjika. Tulikaa kwa mhunzi, babu Bandora, katikati ya moshi na harufu ya ngozi ya mbuzi, naye akivukuta. Lakini mrija wa udongo uliopeleka upepo motoni ulikuwa umebomoka mdomo. Upepo ulitoka kwa upole, majivu yakacheza, makaa yakabaki meusi.

"Wenzetu wamepanda, sisi tunatazama majivu," mama alisema.

"Shida iko kwa muvuba, mama," babu alijibu, akigusa mvukuto wake.

Nyumbani tulisema Kiswahili. Kirundi changu kilikuwa cha sokoni, na sokoni "vuba" ni haraka. Nikadhani muvuba ni kitu cha haraka, na mikono yake ndiyo mizito. "Vuba, babu! Vuba!"

Alicheka mpaka akakohoa. "Si mikono, mutoto. Upepo ndiyo iende vuba."

Akabandika udongo mbichi mdomoni mwa mrija, kikabaki kitundu chembamba, akavukuta polepole vilevile. Upepo ukapiga mluzi, na jembe likaiva jekundu.

Leo najua upepo ukibanwa penye wembamba, msukumo wake hugeuka mwendo. Najua pia kwamba muvuba ni mvukuto tu, haukupewa jina kwa ajili ya haraka. Warundi wamenicheka sana kwa hilo. Wacheke. Neno nililikosea, upepo sikuukosea.