Shati la Kanisani na Maji ya Same

Niliolewa Same, huku tambarare, nikitokea Vudee, milimani Upare, na kitu cha kwanza kunitoa machozi katika ndoa yangu kilikuwa shati.

Mume wangu alifanya kazi stesheni ya reli, upande wa mizigo. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, na mtu wa reli alijihesabu mtu kwelikweli: nyumba ya bati, viatu vya ngozi, na bomba la maji karibu na mlango. Wenzangu milimani walinionea wivu kwa lile bomba. Sisi tulizoea kuteremka kijitoni na kupanda tena na mtungi kichwani, njia ikiteleza, na kila siku nililalamika. Laiti ningejua.

Jumamosi ya kwanza nikachota maji, nikaloweka shati lake jeupe la kanisani, nikapaka sabuni ya mche. Nikasugua. Povu hakuna. Nikaongeza sabuni, nikasugua tena. Badala ya povu yakatanda mabonge ya kijivu kama maziwa yaliyokatika, yakanata kwenye karai, yakanata mikononi, yakajipenyeza kwenye kola. Nilisuuza mpaka kiuno kikakataa. Shati lilipokauka lilikuwa na rangi ya majivu, limekakamaa kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani.

Mume wangu akalinyanyua kwa vidole viwili. "Kwani kwenu hamfui?"

"Kwetu tunafua, na povu linafika kwenye viwiko. Haya maji yenu yana chumvi."

"Maji ni maji," akasema. "Shida ni mkono."

Basi nikaishi na mkono wangu wenye shida. Birika jipya likaota ukoko mweupe ndani, mgumu kama jiwe. Ulikuwa unabanduka vipandevipande na kuingia kwenye vikombe vya wageni. Nywele zangu zikawa kama katani. Chai ikawa na utando juu. Na sabuni ilikwisha upesi hata mume wangu akaniuliza kama ninaila.

Kilichonichoma zaidi ni hadithi zake za jioni. Alikuwa akirudi kazini, anavua viatu, anaanza kunisimulia habari za injini za treni. Jinsi maji ya huku tambarare yanavyoziharibu. Jinsi mafundi wanavyoingia kugonga ukoko kwenye matangi ya kuchemshia. "Maji haya ni mabaya sana kwa injini," alisema, akitikisa kichwa kwa huruma.

"Na kwa shati?" nikamuuliza.

"Shati ni jambo jingine."

Injini ikiharibika, kosa la maji. Shati likiharibika, kosa langu. Nilikwenda nje nikakaa na kuku.

Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama mkwe alishuka kutoka kwao Mhezi, milimani, kuja kunitunza. Mwanamke mrefu, mchapakazi, asiyependa maneno mengi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na macho yake tayari yalikuwa kwenye nepi zilizoanikwa. Akazipapasa tu, moja baada ya nyingine.

Siku iliyofuata nikapika makande. Mpare gani asiyejua kupika makande? Niliyainjika asubuhi. Mchana mahindi yalikuwa yameanza kulainika, maharage bado yanagonga meno. Jioni bado. Jirani yangu alikuwa amenifundisha kutia magadi, nikatia. Maharage yakalainika kidogo, ila chakula chote kikawa na ladha ya sabuni. Sabuni iliyogoma kwenye karai, sasa imekubali kwenye sufuria!

Mama mkwe akaonja, akatua kijiko. "Mwanangu, hukuloweka maharage."

"Niliyaloweka, mama, tangu jana."

"Kesho nitapika mimi."

Akapika yeye. Aliloweka mwenyewe, akachagua kuni mwenyewe, akakaa jikoni kutwa nzima akichochea moto. Mimi nilikaa chumbani nikinyonyesha na, Mungu anisamehe, nikiomba yasiive. Hayakuiva. Jua lilipozama akatafuna punje moja, akaitema kwenye kiganja, akaitazama. Kisha akachota maji ya bomba kwa kata, akayaonja polepole kama mtu anayeonja dawa.

Mwanawe alipoingia tu, akamwambia, "Baba, maji haya yana ugonjwa. Unamtesa mtoto wa watu."

Na mume wangu, yule yule wa maji ni maji, akajibu hapo hapo: "Kweli, mama. Hata injini zinaumwa kwa ajili yake. Mimi nimelijua hilo siku nyingi."

Nilitamani kumtupia birika. Mama mkwe alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikamwona akizuia kicheko.

Kabla hajarudi Mhezi alihakikisha pipa limewekwa chini ya ukingo wa bati kukinga maji ya mvua. Same mvua yenyewe ni ya kubahatisha. Tulingoja, tukangoja, hatimaye ikanyesha na pipa likajaa. Nilifua nepi moja kwa majaribio. Povu! Nilicheka peke yangu uani kama mwendawazimu. Nikalifunika pipa, nikapanga: haya ya nepi, haya ya maharage, tone lisipotee.

Jumamosi nikatoka sokoni nikamkuta mume wangu ameinama uani, suruali ameikunja, anaosha baiskeli. Pipa liko wazi. Limebaki na maji ya chini kabisa, yenye matope.

"Haya maji ni mazuri," akaniambia kwa furaha. "Yanatoa povu ajabu."

Niliingia ndani, nikatoka na shati jeupe na kipande cha sabuni, nikaviweka juu ya tandiko la baiskeli yake.

"Bomba lile pale," nikamwambia. "Fua."

Alifua. Wenzake wa stesheni walipita wakamwona, wakasimama kumcheka, naye akasugua mpaka giza likaanza kuingia. Kesho yake alivaa matokeo yake kanisani, akaimba kwenye kwaya amejikunyata, kola ya kijivu imesimama shingoni kama ubao. Wiki hiyo hiyo akaleta pipa la pili, na kufuli.

Ufunguo nilikaa nao mimi.