Sina Lalamiko, Alisema Mwalimu Thuranira

Mwalimu Thuranira wa Githongo alifundisha insha miaka thelathini na minne, na ulimi wake, jamani, haukujua kunyamaza. Hata baada ya kustaafu, akisimama kanisani kutoa tangazo la dakika moja, watu walijua chakula cha mchana kitapoa.

Gari aliitaka kwa sababu moja tu. Mkewe Beth alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala. Daktari wa mazoezi mjini Meru alisema aletwe mara mbili kwa wiki, miezi sita bila kukosa, na atatembea. Akikosakosa, mguu utakakamaa vivyo hivyo. Na Beth huwezi kumpakia bodaboda.

Basi akaenda Embu, kwenye yadi moja ya magari mtaani Dallas, akapokewa na kijana mchangamfu aitwaye Runji. Akamweleza shida yote ya Beth. Runji akatikisa kichwa kwa huruma. "Mzee wangu, hii itambeba mama kama yai." Mwalimu akaizunguka ile gari mara mbili, akapiga gurudumu teke. Ndio ukaguzi huo.

Alipolipa, akatia saini karatasi na kukabidhiwa funguo, Runji akatoa simu. Pale kila mteja hurekodiwa, video iwekwe mtandaoni. "Sema tu umefurahi, mzee."

Umwambie Mwalimu Thuranira aseme neno moja! Alinyoosha tai, akarudia mara tatu mpaka ikatoka safi: "Mimi mwenyewe nimeikagua gari hii nje na ndani. Nimeiendesha. Haina kasoro, na sina lalamiko lolote." Nani alimtuma? Hakuwa ameiendesha hata hatua kumi. Maneno yalikuwa matamu mdomoni, akayasema.

Wiki ya pili, wakipanda mlima na Beth akiwa ndani, giaboksi ikakataa. Fundi Kinoti akaifungua, akaguna. Meno ya gia yalikuwa yamesagika zamani, na mtu alikuwa ametia mafuta mazito ili isipige kelele. Runji akipigiwa simu, hashiki.

Njoki, binti wa jirani aliyesomea sheria, ndiye aliyempa moyo. "Mwalimu, sheria inakulinda. Ulimwambia Runji unaitaka kwa kazi gani, kwa hivyo lazima iifae kazi hiyo. Hata ile karatasi uliyosaini, kwamba umeichukua jinsi ilivyo, haimwokoi." Usiku huo Mwalimu alilala. Akashtaki, na asubuhi ya kesi akamwambia mkewe, "Mama, tutashinda. Nikitoka kortini tu, tunarudi kliniki." Alipenda kuahidi, huyo mzee.

Kortini, Runji hakubishana. Alitoa simu tu. Hakimu akaitazama video mpaka mwisho, akainua macho.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Na uliiendesha?"

Sasa aseme nini? Akisema aliiendesha, amejifunga mwenyewe. Akisema hakuiendesha, basi ni mwongo aliyevaa tai. Alilegeza ile tai. Watu walimwangalia, naye akaangalia sakafu.

Hakimu hakuwa mkali. Alisema sheria ipo, lakini Mwalimu athibitishe kwamba giaboksi ilikuwa mbovu siku ile ile aliyoinunua, kwa ripoti ya mkaguzi anayetambulika. Kinoti hana cheti chochote. Kesi ikasongezwa mbele wiki sita. Wiki sita! Na Beth alikuwa amekwisha kukosa kliniki saba.

Alifika Githongo jioni. Beth alikuwa barazani, amevaa gauni lake zuri, kilemba alichokifunga kwa mkono mmoja kimeenda upande. Viatu alikuwa amevalishwa tangu asubuhi, akakataa kuvuliwa.

"Gari... iko... wapi?" aliuliza polepole, akichungulia njia nyuma ya mumewe.

Mwalimu alipiga magoti akaanza kumfungulia kamba za viatu. Cha kushoto kilitoka vizuri. Mguu wa kulia haukukunjika hata kidogo, akawa anakivuta kile kiatu taratibu, huku akilia waziwazi mbele ya mke wake.